Sijambo ya Dirishani

Mwenzangu wa chumbani tulimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na pa kuzimia. Aliongea akifua, aliongea akipiga mswaki, na akisoma alisoma kwa sauti mpaka majirani wagonge ukuta. Muhula huu akanyamaza. Darasani hakwenda, alishinda amegeukia ukutani, na chakula nilichomletea kililala chini ya kitanda mpaka kikachacha. Asubuhi moja akaniambia, "Natamani nilale nisiamke." Nilimshika mkono nikamkokota hadi zahanati ya chuo.

Benchi lilikuwa limejaa. Muuguzi wa dirishani alikuwa mtu wa utani, na wanafunzi walimpenda kwa hilo. Zamu yetu ikafika.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo," Redio akajibu. Angejibu nini? Hata mfiwa hujibu hivyo kwanza, ndipo aseme lililomfika.

"Haa! Kama hujambo, kwa wagonjwa umefuata nini? Mchumba?"

Benchi zima likaangua kicheko. Redio naye akacheka, kile kicheko chake cha zamani, nami mjinga nikafurahi kukisikia. Kisha akageuka.

"Twende zetu. Wenye shida wapo wengi."

"Hebu mwambie ulichoniambia mimi!"

"Nitamwambia siku nyingine."

Akashika njia ya bweni. Mimi nikarudi dirishani, nikamwambia muuguzi kwamba mwenzangu anahitaji kuonana na mshauri, tena leo hii.

"Mwambie aje mwenyewe, dada. Mgonjwa hana mwakilishi."

Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia vizuri. Nilibishana naye mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna, nikaondoka nimefura kwa hasira. Nilipofika chumbani, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga, nikaita, nikapiga kelele, mlinzi akaja kuuvunja. Tulikuwa tumechelewa.

Watu walijaa ukumbini. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," mmoja akasema, na nilitamani kumzaba kofi. Alificha wapi? Aliyapeleka mwenyewe mpaka dirishani.

Mlezi wa bweni akanivuta kando. "Mama yake anakujua wewe. Mimi akisikia sauti yangu tu ataanguka." Akanishikisha simu. Niliyapanga maneno: mama, keti kwanza, uko na nani hapo. Niliyarudia kimoyomoyo simu ikiita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Mdomo ukanitangulia.

"Hatujambo, mama."

"Nashukuru. Nilikuwa na wasiwasi, mwenzio nampigia hapokei. Hebu mpe simu nisikie kelele zake."