Kiti cha Msikilizaji

Kuta za Guangzhou zilikuwa zikitoka jasho. Kila mwaka, baridi inapoondoka na upepo wa kusini kurudi, unyevu huingia majumbani bila hodi. Sakafu zinateleza, nguo hazikauki, na ukijitazama kwenye kioo unaona ukungu mtupu. Hasna alikuwa ameshaizoea hali hiyo, lakini Jumapili ile, akiwa kwenye teksi kuelekea kitongoji cha Xintang, aliuona mji kama mtu aliyelia sana na sasa anajifuta uso.

Alikuwa anakwenda kuliaga gari la mumewe.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la kijani kilichokolea, lisilo na paa, lenye viti viwili na magurudumu ya spoku nyembamba kama ya baiskeli. Lilitengenezwa kabla Hasna hajazaliwa. Lilikaa ghalani nyuma ya kiwanda cha kufulia jinzi, pamoja na mengine ya umri wake, mali za wanachama wa klabu ya magari ya zamani. Magari yale hayakuwa na ruhusa ya kuingia barabara za mji. Kwa hiyo kila Jumapili wenyewe walikutana, wakayapangusa, wakayapaka grisi, wakabishana, kisha wakayazungusha kwenye barabara ya ndani ya kiwanda, ile inayopita kando ya bwawa la maji yenye rangi ya bluu. Mzunguko mmoja, halafu chai. Ungewaona watu wazima wanavyofurahi kwa mzunguko mmoja ungewapenda.

Klabu ilikuwa na desturi yake. Gari halikutoka ghalani na kiti cha pili kikiwa kitupu. Aliyekaa pale aliitwa msikilizaji, na kazi yake ilikuwa kusikiliza gari: injini ikigonga, gia ikisaga, chochote kinacholia kisivyo. Vuai, mume wa Hasna, masikio yake yalikufa mapema, akawa hasikii hata honi. Basi msikilizaji wake alikuwa mkewe. Hasna akisikia jambo alimgusa goti. Mara moja, punguza mwendo. Mara mbili, simama. Vuai alitii kila mara, wala hakuuliza kwa nini.

Sasa Vuai alikuwa amelala kwenye makaburi ya Waislamu ya mji huo, na huko Unguja binti yao Swalha alikuwa amejifungua. "Rudi, mama," alisema kwenye simu. "Huko una nani tena?" Hasna alikwisha kukata tiketi na kuwaambia watu wote kwamba anarudi. Ila moyoni hakuwa ametoa jibu. Atamwachaje Vuai peke yake ugenini, yeye ambaye hata mlango ukigongwa hasikii?

Ghalani aliwakuta wawili. Mmoja ni Joachim, mtu wa Moshi anayesomea uhandisi pale mjini, ambaye ndiye angeachiwa gari. Wa pili ni mzee Liang, fundi mstaafu na mlezi wa klabu, aliyezoea kumwita Hasna *saozi*, yaani shemeji.

"Shikamoo, saozi!" alisema Liang. Neno hilo alifundishwa na Vuai, naye alimwamkia nalo kila Mtanzania, mkubwa kwa mdogo.

"Marahaba, shemeji Liang. Nawe utaamkia mpaka vichanga."

"Jana kamwamkia mwanafunzi mwenzangu wa mwaka wa kwanza," alisema Joachim. "Kijana kakaa siku nzima anajiona babu. Shikamoo, Bi Hasna."

"Marahaba, mwanangu. Gari linadondosha oili bado?"

"Linadondosha."

"Basi liko zima. La Kiingereza lisipodondosha, ujue oili imekwisha."

Walicheka. Hasna aliona kiti cha plastiki alichokwisha wekewa, kimefutwa, na kando yake mkate wa mkahawa wa Waislamu, umefungwa vizuri ili asiwe na shaka. Liang hakuusema. Mambo yake yote mema aliyafanya hivyo, kama mtu anayeficha kitu.

Wakaliondolea gari turubai.

Ghala zima lilikuwa limelowa. Matone yalining'inia kwenye bodi, kwenye usukani, kwenye taa. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe kwa ukungu, isipokuwa upande wa kulia, mbele ya dereva. Pale palikuwa pamefutwa duara, kwa kiganja, kutoka ndani. Vuai ndivyo alivyokuwa akifuta, duara moja la haraka kabla ya kuwasha.

"Ahsante kwa kunifutia, shemeji," alisema Hasna.

Liang alimtazama. "Mimi? Wiki zote hizi nilidhani unakuja wewe, unafuta na kwenda zako."

Joachim alikaribia, akasogeza uso kwenye kioo, kisha akarudi nyuma. "Turubai lilikuwa limefungwa kwa kamba," alisema polepole. "Nimelifungua mwenyewe sasa hivi."

Nje, kiwanda kilitoa mvuke mrefu, ukapita mlangoni kama mtu aliyevaa kanzu.

Liang alirudi kwenye kazi yake, pengine apate pa kuweka macho. Wiki iliyopita alikuwa amevitoa vitovu vya magurudumu ya mbele, akavisafisha na kuvipaka grisi. Sasa alikuwa anakaza nati za katikati, zile kubwa zenye masikio mawili, ambazo hupigwa kwa nyundo ya shaba. Hasna alisikia nyundo ikilia na kugeuka. Vuai alizoea kuzipiga kuelekea nyuma ya gari. Leo Liang alizipiga kuelekea mbele. Jambo hilo lilimgusa Hasna kidogo, kama unyoya, lakini akili yake ilikuwa kwenye lile duara, likampita.

"Mie nitaendesha," alisema.

"Na mimi nikae nisikilize," alisema Joachim, akishika mlango.

"Hapana, baba. Mzunguko huu niache na mwenyewe."

"Bi Hasna, kiti kitupu? Klabu ina desturi yake."

"Mimi ndiye niliyekikalia miaka yote. Leo nakiomba."

Liang hakupenda, uso ulimwonyesha. Lakini alitoa taulo, akalitandika kwenye kile kiti cha kushoto, akalinyoosha pembe zake, kama anamtandikia mgeni. Kisha akasogea kando.

"Bismillahi," alisema Hasna, akawasha.

Gari lilikohoa, likanguruma, likatoka. Barabara ya ndani ilikuwa nyeusi na yenye kung'aa. Mvuke wa jinzi ulitanda chini chini, wenye harufu ya sabuni na chuma, na kuta za kiwanda zikawa zinajitokeza na kupotea. Hasna aliendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani. Pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo mpaka lile duara mbele yake likaanza kuziba. Alipoinua mkono kulifuta, aliona kwamba upande wa kushoto, mbele ya kiti kitupu, ukungu unafunguka. Ulifunguka kwa duara, taratibu, kutoka katikati kwenda nje.

Hakupiga kelele. Aliurudisha mkono kwenye usukani.

"Vuai," alisema, "ni wewe?"

Akahisi kitu kwenye goti lake la kushoto. Mguso mmoja mwepesi, kama wa mtu anayeogopa kukushtua.

Akapunguza mwendo. Mbele, mvuke ulifunguka na akaiona kona ya bwawa, maji ya bluu yakiwa sawa na ukingo, hakuna ukuta wala kamba. Alisikiliza. Injini ilikuwa nzuri. Gia zilikuwa nzuri. Hakukuwa na sababu yoyote ya kusimama, nayo masikio yake hayakuwa yamewahi kumdanganya.

Goti likaguswa mara mbili, kwa nguvu.

Vuai hakuwahi kumuuliza kwa nini. Naye hakuuliza. Akakanyaga breki.

Gari lilisimama, na palepale likainama mbele, upande wa kushoto, kama ngamia anayepiga magoti. Nati yenye masikio ilidondoka, ikabingirika mpaka ukingoni mwa bwawa, ikalala. Gurudumu lilikuwa limetoka nusu kwenye kitovu chake. Lau angeingia kona ile akiwa kwenye mwendo, yangekuwa mengine.

Joachim alifika akikimbia, na Liang nyuma yake akihema. Mzee alichuchumaa kwenye gurudumu, akashika kitovu, akapitisha kidole kwenye nyuzi zake za kukazia nati. Halafu akakaa chini kwenye lami iliyolowa.

"Nimebadilisha," alisema. "Nilivitoa nikiwa mbele ya gari, nalitazama usoni, nikavipanga mezani. Kisha nikavirudisha nikidhani niko nyuma ya usukani. Cha kulia kimekwenda kushoto, cha kushoto kulia. Nyuzi za kulia na za kushoto hukaza kinyume, kwa hiyo nati ilikuwa inajifungua kila gurudumu lilipozunguka." Akafunika uso. "Saozi, nilitaka liwe zuri siku ya kuondoka kwako."

Hasna alishuka, akamwinamia na kumfuta grisi shavuni kwa ncha ya mtandio wake. "Inuka, shemeji. Umelilea gari la rafiki yako tangu alipofariki, wala hukuambiwa na mtu. Leo mikono imeteleza. Hata kuta zimeteleza wiki hii."

"Lakini ulijuaje usimame?" aliuliza Joachim. "Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Niliguswa goti."

Liang aliinua kichwa. "Vuai alikuwa hasikii," alinong'ona.

"Sasa anasikia," alisema Hasna.

Liang alinyoosha mkono achukue taulo pale kwenye kiti cha kushoto ajifute. Akaurudisha haraka. Kila kitu garini kilikuwa kimelowa, usukani, milango, hata kiti cha Hasna. Taulo lile lilikuwa kavu, na lilikuwa na joto.

Waliinua gari kwa jeki, wakavitoa vitovu na kuvirudisha mahali pake. Safari hii Liang alipiga nati kuelekea nyuma, na kila pigo alimtazama Hasna, naye aliitikia kwa kichwa. Joachim alikwenda kuleta chai, akamletea Hasna kikombe cha kwanza akiwa amekishika kwa mikono miwili kisipoe.

Jioni ilikuwa haijaingia bado Hasna alipompa Joachim ufunguo.

"Zungusha, nikuone."

Liang alijisogeza kwenda kiti cha kushoto. Hasna alimshika mkono. "Acha, shemeji. Pana mtu."

Joachim alikitazama kile kiti. Kijana huyu aliendesha siku zote kama aliyebeba trei ya mayai, na klabu nzima ilimtania kwa hilo. "Bi Hasna, mimi nifanye nini akini..."

"Ukiguswa mara moja, punguza. Mara mbili, simama. Usimuulize kitu. Ukirudi sema ahsante, maana alipenda kuambiwa ahsante."

Gari likaondoka. Mvuke ukalimeza, ikabaki sauti tu. Hasna alifumba macho, akasikiliza kama alivyosikiliza miaka yote, injini ikizunguka nyuma ya kiwanda, ikikaribia ile kona. Joachim alikuwa amechangamka, alikuwa anakwenda kasi kuliko kawaida yake, kasi kuliko inavyofaa barabara iliyolowa.

Kabla ya bwawa, sauti ikashuka. Gari likapunguza mwendo, taratibu, likapita kona.

Hasna alifumbua macho. Akatoa simu kwenye mkoba, akampigia Swalha.

"Nakuja, mwanangu," alisema. "Baba yako hayuko peke yake. Ana kazi."