Kisu cha Upande Wangu

Jeancy alisukuma kisu, na kisu kikaruka. Makali yake yaliyopinda kama kucha ya mwewe yalikwaruza mwiko, yakatoka bila kuuma. Akajaribu tena. Watu waliobaki chini ya turubai la matanga wakaanza kucheka, kicheko kile cha watu waliolia sana na sasa wanatafuta pa kupumzikia.

"Yaya alizeeka, bon," akasema tonton Désiré, mdogo wa baba yangu, akimtaja kaka yake mkubwa. "Kisu ya kuchonga miko, mutu anaipinda hivi? Hata mutoto hawezi."

Baba yangu, Papa Lukumani, tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia. Ndugu zake walikuja kutoka Yanonge kumaliza kilio, na kwetu vyombo vya kazi vya mwanaume vinarudi kwao, kwa ndugu zake na watoto wao. Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Juu ya mkeka kulikuwa na shoka dogo, kisu kilichonyooka, na kisu cha kupinda ambacho mpini wake ulikuwa umebonyea pale kidole gumba cha Papa kilipolala maisha yake yote, na kisu kingine kilichopinda. Cha mwisho ndicho alichokishika Jeancy, mtoto wa tonton, aliyechaguliwa kurithi kazi.

Hicho kilikuwa changu.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nikiwa mdogo, nyanya aliufunga mkono huo kwa kipande cha kitenge wakati wa kula. Shuleni mwalimu aliupiga rula, mpaka nikaacha kwenda, na shule ya msingi sikuimaliza. Papa peke yake hakuuliza kitu. Siku moja alipeleka tupa iliyochakaa kwa mhunzi, akarudi na kisu kilichopinda upande mwingine. Akakiweka kwenye benchi, kushoto kwangu, akaendelea na kazi yake.

"Yako," alisema.

Tulikaa benchi moja, yeye kulia, mimi kushoto. Mkono wake wa kukata ulikuwa nje, na wangu nje. Mikono iliyoshika miko ilikutana katikati, wakati mwingine ikagusana. Maranda yalianguka yakawa lundo moja, na jioni Mama alipowashia moto hakujua yapi ni ya nani.

Mnunuzi akifika, niliuweka mwiko wangu kwenye mapaja ya Papa. Mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, sembuse kumtengenezea chombo cha chakula. Papa aliupaka mafuta ya mawese, na mwiko ukawa wake. Mimi haikuniuma. Nilikaa nyuma ya jina lake kama mtu anayekaa barazani mvua ikinyesha.

Na sasa walikuwa wanalicheka jina hilo. Ningenyamaza, wangekitupa kisu, ningekiokota jioni, na siri yetu ingebaki yetu. Lakini Papa angerudi Yanonge, katika midomo ya ndugu zake, kama fundi aliyeshindwa kupinda kisu.

Nikasimama.

"Leta," nilimwambia Jeancy.

"Unasema nini?"

Nilichukua kisu kwa kushoto, mwiko kwa kulia, nikakata. Randa likatoka refu, jembamba kama ganda la kitunguu, likajikunja, likaanguka juu ya kiatu cha tonton. Nikakata lingine. Kicheko kikaisha polepole, mtu mmoja mmoja.

"Kumbe ni wewe, Orpha," akasema tonton.

"Ni ya mukono yangu. Papa hakuikosea."

Mama Gracia, anayepika fufu, ugali wa muhogo, karibu na soko la Mangobo, akapiga makofi. "Eh! Donc fufu yangu miaka yote inapigwa na kushoto!" Wengine walicheka, wengine hapana. Tangu siku hiyo hajaagiza mwiko kwetu. Ananisalimia vizuri.

Tonton alikichukua kisu, akakigeuza mkononi. Halafu akakiweka katika kiganja changu cha kushoto. Mtu mzima hajawahi kunipa kitu pale, ila Papa.

"Hii haina wa kuiriti," alisema, akaanza kufunga vile vingine katika kitambaa. Macho yangu yalikuwa juu ya mpini uliobonyea.

"Tonton, ile moja..."

"Ile ni ya Yaya, mama. Ile inarudi."

Alifunga fundo huku machozi yakimtoka, na fundo likamshinda, Jeancy akalimalizia. Kisha wakapanda toleka, baiskeli za kubeba abiria, hadi bandarini, na furushi lilikuwa kwenye mapaja ya tonton.

Ninachonga peke yangu sasa. Wanunuzi wamepungua, lakini wapo. Jana Mama alikuja na pondu yake, majani ya muhogo, akajibana kushoto kwangu, kwenye ncha ya benchi. Kiwiko changu kikamgonga, kisu kikateleza, kikauchora mwiko uliokuwa karibu kwisha.

"Papa yako alikuwa anaenea hapa namna gani?" aliuliza, akijisugua mkono.

"Alikuwa anakaa ule upande, mama."

Akautazama ule upande, ubao uliolainika ukang'aa. Nilifikiri atahamia pale. Alichukua beseni lake, akakaa chini, mbele yetu, mimi na nafasi ya Papa.