Siri ya Reine Jukwaani

Ukumbi wa kanisa pale Old Kampala ulijaa makofi, na wanafunzi wa chuo cha ualimu kutoka Bungoma wakashikana mikono na kuinama mbele ya wenyeji wao. Ilikuwa siku yao ya mwisho Uganda. Jioni basi lingewarudisha Kenya. Nangila peke yake alibaki amesimama wima, kitambaa cha bibi kizee aliyemwigiza bado kichwani. Alikuwa amemwona Reine kwenye safu za nyuma. Kando yake aliketi mama yake, Mama Bibiane, ameziba mdomo kwa kiganja.

Hawakutarajiwa kuwapo. Reine alikuwa amemwambia kwamba Jumamosi saluni anayofanyia kazi Kamwokya hujaa, na tajiri wake hatoi ruhusa. Kumbe aliiomba hadi akaipata, ili aje na mama yake kumuaga rafiki.

Urafiki wao ulikuwa wa majuma mawili tu, lakini ulishika upesi. Reine alikuwa Mkongo wa Kivu, mmoja wa vijana wa kanisa waliowapokea wageni. Alimsuka Nangila nywele bure, akamfundisha kukataa bei za Kampala bila kukunja uso. Alasiri moja, wakisugua masufuria nyuma ya ukumbi, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Vita vilipofika kijijini kwao, mama yake alitangulia na wadogo zake. Reine, msichana wa darasa la tano, akabaki nyuma na bibi yake ambaye miguu yake ilikuwa imevimba. Wakapumzika kwenye darasa tupu kando ya barabara. Bibi akaomba maji. "Nenda, mjukuu wangu. Mimi nitahesabu ng'ombe za baba yangu mpaka urudi." Reine akaenda. Kisimani akasikia risasi, akaona lori limejaa watu, mikono ikimvuta, naye akapanda. Hakurudi. Alipomkuta mama yake mpakani alisema koko, yaani bibi, alifariki usingizini, na majirani wakamzika.

"Mama hajui," Reine alisema, akiwa ameshika sufuria. "Wewe unaenda zako, ndiyo maana naweza kukwambia."

Nangila alimkumbatia, akaapa kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake. Na aliapa kwa moyo mweupe.

Siku chache baadaye Mwalimu Makokha, mlezi wa kikundi chao cha maigizo, alilikataa igizo ambalo Nangila alikuwa ameandika. "Hiki ni kitu cha watoto wa chekechea, Nangila. Niletee kitu kilichomuumiza mtu." Wenzake wakacheka. Naye, akiwa bado na haya ya kile kicheko, akafungua mdomo, akasimulia habari ya Reine na bibi yake. Alimgeuza msichana kuwa mvulana, hakuitaja Kongo, akajiambia inatosha. Mwalimu Makokha alimtazama jinsi ambavyo hakuwahi kumtazama tangu aingie chuoni, akampa nafasi kubwa kuliko zote, nafasi ya bibi.

Kwa hiyo ni yeye mwenyewe aliyekaa sakafuni jukwaani asubuhi ile na kusema, kwa sauti ya kikongwe, kwamba atahesabu ng'ombe za baba yake.

Alipofanikiwa kupenya kati ya watu waliotaka kumpongeza, viti viwili vya nyuma vilikuwa vitupu. Akavua kitambaa, akatoka mbio, akapanda boda.

"Nyabo, unalia nini?" dereva alimuuliza walipokuwa wakiteremka kilima.

"Endesha tu, kaka."

Chumba cha kina Reine kilikuwa nyuma ya saluni, pazia likigawa mahali pa kulala na pa kukaa. Mama Bibiane alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, viatu vya kanisani bado miguuni. Reine hakuonekana.

"Karibu, mwanangu. Ulicheza muzuri," alisema kwa upole uliomchoma Nangila. "Ile mwanamke mzee, mulimutoa wapi?"

Njia nzima Nangila alikuwa ametafuta la kusema. Akaona mlango mmoja tu wa kumwokoa Reine, akaupitia.

"Tulitunga, Mama. Ni mambo ya kubuni tu."

"Na ng'ombe?"

Nangila akakikunja kitambaa cha jukwaani mkononi.

"Mama yangu alikuwa anahesabu ng'ombe za baba yake kila akingoja mutu. Kila moja na jina yake. Hiyo pia mulitunga?"

"Mama, pengine ni sadfa tu, watu wengi..."

Pazia likavutwa. Reine alisimama pale, macho makavu, mekundu.

"Acha, Nangila. Usimdanganye mama yangu. Mimi nimemdanganya vya kutosha."

Akasimulia mwenyewe, amesimama, mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nangila alitamani kutoka, akashindwa kujua kama kutoka ndiko heshima au ndiko kukimbia. Mama Bibiane hakumkatiza mwanawe. Mwishoni aliuliza maswali mawili.

"Haukumuona anakufa?"

"Hapana, Mama."

"Na kaburi?"

"Hakukuwa na kaburi."

Mama Bibiane alitazama mikono yake. "Kila mwaka naomba misa ya marehemu," akasema taratibu. "Namuombea kama marehemu. Sikumutafuta hata siku moja."

Reine akaanguka magotini. Mama yake hakumpiga, wala hakumshika. Alichukua simu, akatafuta namba ya mtu wa kijiji chao, akaanza kuongea kilugha, na katika maneno yale Nangila alitambua jina la Reine tu.

Naye akapiga magoti. "Nisamehe, Mama. Nisamehe, Reine."

Mama Bibiane aliiondoa simu sikioni kidogo. "Reine, sindikiza mugeni."

Nje, muziki wa duka la jirani ulikuwa juu. Walitembea hadi kituo cha boda, na Nangila alipotaka kumshika mkono, Reine aliurudisha wake kifuani.

"Ningemwambia mwenyewe," alisema. "Nilikuwa najitayarisha. Nilianza na wewe, ili nijaribu kama mdomo utaweza."

"Reine, sikudhani mtakuja."

"Najua. Walikupigia makofi mengi sana." Akageuka, akarudi kwa mama yake.

Ndani ya basi wenzake waliimba tangu kabla halijatoka mjini. Mwalimu Makokha alikuja akakaa karibu naye, uso umejaa furaha. "Kile kipande tunakipeleka mashindano ya kaunti. Hakuna atakayetugusa."

"Hapana, Mwalimu. Ile hadithi niliiiba." Akamweleza yote, kwa sauti iliyofanya viti vya jirani viache kuimba.

"Lakini majina tulibadilisha," mwalimu alisema.

"Mama yake alimtambua bibi kwa sentensi moja."

"Hadithi njema ni ya kila mtu, Nangila."

"Basi tafuta wa kuicheza. Nami nitawaambia waamuzi nimeitoa wapi."

Mwalimu akainuka, akaenda kukaa mbele. Kipande kile hakikuchezwa tena. Mwaka ule kikundi kilitolewa raundi ya kwanza, na Nangila hakupewa nafasi yoyote. Wenzake kadhaa walimlaumu waziwazi.

Alimwandikia Reine mara nyingi. Ujumbe ulifika, jibu halikuja. Kama yule bibi alipatikana hai, au kama lilipatikana kaburi, au hakikupatikana kitu, Nangila hakupata kujua. Katika ujumbe wake wote hilo ndilo swali ambalo hakuthubutu kuliuliza, kwa maana aliona hana haki ya kusikia tena habari yoyote ya nyumba ile.