Tanga Dogo la Mbele

Juni ya mwaka wa tisini na sita, Dama na mumewe Griffins waliihamisha mashua yao ndogo kutoka Mbaraki kwenda Bandari ya Kale. Haikuwa na injini. Dama alikulia Kilifi akiendesha mashua na babake. Griffins, karani wa reli kutoka Kakamega, alikuwa ameanza kujifunza juzijuzi, na hakujua kuogelea.

Kusi lilikuwa kali. Matanga ya mbele yalikuwa mawili: moja kubwa, jepesi, na jingine dogo la turubai nzito. Dama alitaka dogo. Griffins akashikilia kwamba kwa dogo hawataushinda mkondo, maji yatawarudisha walikotoka. Walibishana mpaka watu wa gatini wakaanza kuwatazama. Dama akanyamaza, likafungwa kubwa.

Walipokaribia kivuko cha Likoni, upepo uliwapiga ubavuni. Mashua ililala, maji yakaingia, usukani ukawa haushiki. Mbele yao feri ilikuwa imeshaondoka ng'ambo, imejaa watu.

"Lishushe hilo, ufunge dogo," Dama alisema. "Mimi siwezi kuuacha usukani."

Griffins alijifunga kamba kiunoni akatambaa hadi omo, mbele kabisa ya mashua. Alilishusha kubwa, akavipachika vikulabu vya dogo kwenye waya wa mlingoti, kimoja kimoja, huku mawimbi yakimfunika. Lakini alipolipandisha, tanga lilikwenda kichwa chini miguu juu, likawa linapigapiga tu bila kushika upepo. Feri ikapiga honi. Mashua ilikataa kugeuka. Ilisukumwa kombo kuingia kwenye njia ya feri.

Dama alitamani kumpigia kelele. Alizimeza.

"Pembe nyembamba ndiyo ya juu, baba. Anza upya."

Akaanza upya, vidole vikimtoka damu. Safari hii tanga lilijaa. Dama akaikaza kamba ya tanga, mashua ikainua ubavu na kugeuka, ikapita nyuma ya feri, karibu hivi kwamba waliziona nyuso za abiria walioinamia vyuma vya ukingoni.

Walifika Bandari ya Kale. Huko Dama alishuka, akaketi kwenye ngazi za mawe.

"Asubuhi sikunyamaza kwa kuwa ulikuwa sawa," alisema. "Nilichoka kubishana mbele za watu."

Griffins aliketi kando yake, nguo zikichuruzika maji.

"Siku nyingine usichoke," alisema.