Mgongo wa Mkurugenzi

Saa moja kamili asubuhi wauguzi wa wodi namba nne walikabidhiana zamu wakiwa wamekaa, na kila mmoja kabla ya kukaa alitandika mto wake mdogo kwenye kiti. Mito ilikuwa ya kila rangi, mingine imeshonwa nyumbani, mmoja una picha ya paka. Wodi ilikuwa na vitanda thelathini na sita, na kila zamu ilikuwa na wauguzi wawili. Anayetoka alisoma: kitanda cha kwanza amelala vizuri, cha pili ana homa, cha tatu dripu imeisha. Kisha anayeingia akachukua kalamu na kupiga pasi.

Kupiga pasi ndivyo walivyokuita wenyewe. Kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza alikuwa na karatasi yake, imening'inizwa miguuni pa kitanda, yenye kisanduku kimoja kwa kila saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, sahihi. Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa ishirini. Kuwageuza wote kila saa mbili kwa mikono minne, huku dawa zinasubiri na mtu anaita anataka choo, hakuwezekani, na asiyeamini aje ajaribu. Kwa hiyo sahihi zote zilitiwa asubuhi kwa mkupuo mmoja, karatasi zikanyooka, kazi ikaendelea.

Kidonda cha kulalia nacho kilikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa aliyelala upande mmoja kutwa nzima hakupata kitu. Kidonda kilimtoka aliyetia sahihi. Saa nane mchana hivi muuguzi alihisi joto kwenye mfupa wa mkia, jioni pakauma, kesho yake pakachubuka, mahali palepale alipolalia mgonjwa. Ilikuwa hivyo tangu zamani na hakuna aliyeona ajabu. Walifungana vidonda wao kwa wao stoo, wakashona sare pana kidogo, wakanunua mito. Ukutani, juu ya meza ya zamu, kilitundikwa cheti cha wodi isiyo na vidonda vya kulalia, mwaka wa sita mfululizo, na mkurugenzi wa hospitali alipenda kupigwa picha nacho.

Sista Saa aliitwa hivyo kwa sababu ya saa aliyoibana kifuani, na kwa jinsi alivyokuwa akiitazama mno. Alikuwa amepiga pasi miaka kumi na minne na alikuwa na makovu yake kama wengine. Kilichomtoa huko ni Shangazi. Shangazi alikuwa muuguzi mkubwa kuliko wote wodini, mtu wa utani, aliyewafundisha nusu yao namna ya kuosha mikono mpaka katikati ya vidole. Siku moja alifunguliwa bandeji stoo, Sista Saa akachungulia ndani ya kidonda akaona mfupa. Wiki mbili baadaye Shangazi alistaafishwa kwa barua ya mistari mitatu, kwa sababu za kiafya. Sista Saa aliisoma barua ile mara mbili, akalia kwa hasira mbele za watu, akanawa uso.

Kesho yake hakupiga pasi. Alifanya alichosomea. Alinawa mikono, akawaita wagonjwa kwa majina yao, akasoma utepe wa mkononi kabla ya kila kidonge, akageuza aliowawahi. Hao aliwaandikia saa na kutia sahihi. Kwenye visanduku vya wengine aliandika kwa herufi kubwa: HAKUGEUZWA. TUKO WAWILI. Wenzake walimnunia siku mbili, kisha mmoja mmoja wakaanza kuandika vilevile.

Kilichomkaba roho ni kitanda cha kumi na tisa. Hapo alilala Bibi Cherehani, fundi wa nguo aliyepigwa kiharusi upande wa kulia, lakini ulimi ukabaki mzima, na mzima kwelikweli. Siku ya tatu Sista Saa alimgeuza akaona duara lililokoza rangi juu kidogo ya makalio, lenye joto. Alilibonyeza kwa kidole, akangoja. Halikufifia. Alijua maana yake: nyama ya ndani imeanza kufa, na sahihi moja tu ya uongo ingeuhamishia mwilini mwake mzigo wote huo. Alishika kalamu. Akamweleza Bibi yote, bila kuficha.

"Usithubutu," Bibi Cherehani alisema. "Mgongo wangu, kidonda changu. Kiache wakione."

"Kitakuuma, Bibi."

"Kwani wewe hakikuumi? Mwanangu, mimi nilimkatia mteja suruali mguu mmoja mfupi. Nilimwita nikamwonyesha. Sikumvalisha fundi mwenzangu tukajifanya imetosha."

Kidonda kikafunguka. Sista Saa alikisafisha kila siku kwa subira, roho inamuuma, lakini sahihi hakutia.

Halafu ikatangazwa kwamba wakaguzi wanakuja Alhamisi. Jumatano mkurugenzi alishuka wodini mwenyewe. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya taratibu. Alipitia karatasi, akamuuliza Sista Saa kama nia yake ni kuiaibisha hospitali. Akaeleza kwamba nafasi za ajira zimefungwa, hilo liko nje ya uwezo wake, ila sahihi haiko nje ya uwezo wa mtu yeyote mwenye kalamu. Sista Saa alimnyooshea ya kwake.

"Basi tia wewe."

Mkurugenzi alikuwa na haraka. Alikaa kwenye kiti kitupu, akaandika upya karatasi zote za wiki mbili, akatia sahihi yake ndefu katika kila kisanduku, akamaliza kabla ya chai. Saa sita mchana Bibi Cherehani alikuwa na ngozi nzima, haina hata kovu. Saa nane mkurugenzi aliomba kikao kifanyike kwa kusimama. Saa kumi aliomba machela.

Walimhesabia vidonda kumi na kimoja: mkiani, nyonga zote mbili, visigino, kimoja hata nyuma ya sikio. Wakaguzi walikuja, wakaona migongo safi, wakatoa cheti cha saba na kumpelekea kitandani. Alilazwa chumba cha faragha ghorofa ya juu, kwenye godoro la hewa, na ili ageuzwe kila saa mbili walihamishwa wauguzi watano kutoka wodi namba nne. Sista Saa alikuwa mmojawapo.

Walimgeuza vilivyo. Mmoja alishika bega na mwingine nyonga, wakahesabu mpaka tatu, bila kumburuza. Walinyoosha shuka lisibaki na kunjo hata moja, wakaweka mto katikati ya magoti, wakainua visigino visiguse kitu. Sista Saa hakumpunja dakika tano. Alikuwa na kinyongo naye, hilo hakulificha, lakini mikono yake ilikuwa mikono ya muuguzi. Baada ya siku ishirini na moja mkurugenzi alisimama, amepona kabisa.

Huko chini, kwa siku hizo zote, kila zamu ilikuwa na muuguzi mmoja. Kutia sahihi ya uongo hakuna aliyethubutu tena baada ya kuiona machela ile.

Siku aliyoruhusiwa, mkurugenzi alifanya ziara wodini na wakuu wa idara nyuma yake. Alisema amejifunza kwa mwili wake mwenyewe kwamba kugeuzwa kila saa mbili kunaokoa ngozi na uhai, na akaagiza litiliwe mkazo. Kisha zikagawiwa karatasi mpya. Kila kisanduku kilikuwa kimekwisha kuchapwa neno AMEGEUZWA, na chini yake: sahihi ya muuguzi tu.

Walipofika kitanda cha kumi na tisa, binti wa Bibi Cherehani alikuwa amesimama hapo, mwalimu wa shule ya msingi, amerudi siku hiyo kutoka kusimamia mitihani. Alikuwa amemfunua mama yake mgongo. Kidonda kilikuwa kipya, kipana kuliko cha mwanzo, na mama alikuwa na homa. Binti aliuliza, bila kupaza sauti, kimetoka wapi wakati alipoondoka mgongo ulikuwa safi. Mkuu wa wauguzi akaanza kueleza kwamba ngozi ya wazee ni nyepesi. Sista Saa akamkatiza.

"Cha kwanza alikichukua mkurugenzi. Tukatolewa watano hapa kwenda kumgeuza, na amegeuzwa mara mia mbili hamsini na mbili, tuliandika wenyewe. Hiki mama amekipata akitungoja sisi."

Mkurugenzi alimpa pole binti, na ilikuwa pole ya kweli, kwa sababu alijua kinavyochoma. Alisema nafasi za ajira bado zimefungwa. Akaagiza karatasi ya kitanda hicho isainiwe kabla hajaondoka wodini, akasogea kitanda cha ishirini.

Sista Saa alipiga mstari juu ya kila neno lililochapwa, akaandika ukweli, kisanduku kimoja baada ya kingine. Kisha akampeleka binti kwenye sinki, wakanawa, akamwonyesha pa kushika. Walimgeuza mama ubavu wa kushoto. Binti alitaka kumrudishia shuka, lakini Bibi Cherehani alimzuia kwa mkono mzima. Alisema wamwache hivyo hivyo mgongo wazi, mpaka mkurugenzi atakaporudi kupita.

Wakangoja. Mkurugenzi alimaliza kitanda cha thelathini na sita, akatoka nje kwa mlango wa upande wa pili.