Nati za Kung'aa

Fundi Taratibu aliogopa vitu viwili tu duniani: gari lililosimama juu ya jeki peke yake, na kaka wa mke wake. Siku hiyo vyote viwili vilimkuta kwa mpigo, saa sita mchana, akiwa amelala chali chini ya teksi ya watu, miguu nje, anafunga bomba la moshi.

Kwa jeki alikuwa na dawa yake. Kila alipoingia chini ya gari alilaza kwanza gurudumu zima ubavuni mwake, ili jeki ikimsaliti, gari liangukie tairi na si mbavu zake. Mafundi wenzake walimcheka. Jina la Taratibu walimpa wao, kwa sababu ya gurudumu hilo, na kwa sababu kila nati aliianza kwa vidole, mizunguko mitatu, kabla hajagusa spana. Mwenyewe hakujali. Wawili kati ya waliomcheka walishatangulia mbele ya haki, na mmoja wao aliondoka na gari kifuani.

Kwa shemeji yake hakuwa na dawa.

Alimjua kwa mabuti. Yalikuwa mabuti meupe ya mpira, ya buchani, yenye matone ya damu yaliyokauka, na yaliingia gerejini moja kwa moja mpaka kwenye miguu yake yakasimama. Watu walimwita Shoka. Aliuza nyama mtaa wa pili, na hasira zake hazikuwa mbali na ngozi. Aliwahi kumng'oa mteja meno mawili kwa kosa la kunusa maini mbele za watu.

"Shemeji?" Taratibu aliita. "Karibu. Nipe dakika nitoke."

"Usitoke."

Hapo lile gurudumu la ubavuni likaanza kusogea. Buti moja lilikuwa limelikanyaga na kulivuta nje, taratibu, mpaka mwanga wa mchana ukaingia mahali lilipokuwa. Taratibu alijikunja kujitoa, na spana ya magurudumu ikashuka kwenye muundi wake wa kulia. Aliusikia mfupa ukilia kabla hajasikia uchungu. Halafu uchungu ukaja wote, akapiga ukelele uliojaa chini ya gari na kumrudia mwenyewe masikioni.

Gereji ilikuwa tupu. Mkewe, aliyeuza vipuri pale dirishani, alikuwa ametoka mbio saa nzima iliyopita na simu sikioni, bila kuaga. Taratibu alidhani ni mambo ya kikundi chao cha akina mama.

"Mwanangu yuko kwenye chumba cha upasuaji," Shoka alisema. Sauti ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Taratibu kuliko kama angepiga kelele. "Gurudumu la mbele limechomoka kwenye mteremko. Pikapu imekula ukuta. Na fundi wa mwisho kuligusa gurudumu lile ni wewe."

"Mungu wangu! Yu hai?"

Jibu lilikuwa mlio wa jeki. Shoka aliushika mkono wake akauzungusha kidogo, mafuta yakapumua, na gari zima likashuka upana wa vidole viwili. Chuma cha chini kikamgusa Taratibu kifuani, kikatulia hapo.

"Mimi ndiye ninayeuliza," Shoka alisema. "Ulimfanyia nini mwanangu?"

Taratibu alimpenda yule binti, na haikuwa siri. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Binti wa Shoka ndiye aliyekuja kuwasabahi kila alipomaliza kusambaza nyama, akamwita mjomba ingawa hakuwa mjomba, akala kilichokuwepo na kuosha sahani. Wiki mbili nyuma alikuwa amekuja na pikapu ikiwa na nati tatu pungufu kwenye gurudumu la mbele kushoto.

Taratibu alitumia nusu siku kuzitafuta. Baba mtu alikuwa ameivisha pikapu rimu za fahari, zilizotoka kwenye gari la aina nyingine kabisa, na rimu za namna hiyo zina maringo yake. Nati si kofia, kwamba ikiingia kichwani basi. Kwanza tundu lake lilingane na unene wa boliti. Pili meno ya ndani yafuatane na meno ya boliti, maana yakipishana hata kidogo, spana itayalazimisha na wewe utadhani umekaza kumbe umetafuna. Tatu, na hapa ndipo wengi huumbuka, kitako cha nati kilingane na tundu la rimu kinapokaa. Matundu ya rimu zile yalichongwa mviringo, kama kikombe. Yalitaka nati zenye kitako cha mviringo.

Alizipata kwenye gari bovu nyuma ya gereji. Alizisugua, akazijaribu kwa vidole, akazifunga, kisha akapaka kila moja mstari wa rangi ya njano kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, ili nati ikilegea hata unywele, mstari ukatike na dereva aone. Zilikuwa za kahawia kama meno ya mvuta tumbaku.

"Baba atazikataa hizi, mjomba," binti alisema huku akicheka. "Ataona zinamwaibisha."

"Mwambie gari halitembei kwa sura."

Binti aliondoka, akaiacha rimu yake ya tano, ile ya akiba, izibwe pancha. Bado ilikuwa imeegemea ukutani, imevuliwa tairi.

Sasa chuma kilikuwa kifuani na kila pumzi ilikuwa ya kuomba.

"Shemeji, nisikilize. Nati zangu zilikuwa na rangi ya njano. Uliziona?"

Kitu kilirushwa chini ya gari, kikampiga Taratibu shavuni na kulichana. Nati mbili zilibiringika karibu na sikio lake. "Hizo nimeziokota barabarani kwa mkono wangu. Nyingine zimeruka."

Alizipapasa, akaisogeza moja mbele ya macho. Ilikuwa mpya, inang'aa kama kijiko cha wageni. Haikuwa na rangi ya njano. Kitako chake kilichongwa kama koni, kimepungua kuelekea chini, na pembeni mwa koni palikuwa na mkwaruzo mwembamba mmoja tu, duara kama uzi. Hapo pekee ndipo ilipowahi kugusana na rimu.

Taratibu akaelewa yote, na akatamani asingeelewa.

"Hizi si zangu," alisema.

"Najua si zako! Zako nilizing'oa zote zikaenda kwenye takataka. Rimu kama zile, halafu nati za jalalani? Nilinunua hizi dukani, mpya, ishirini kamili, nikazifunga kwa mikono yangu. Ziliingia bila shida. Nilizikaza mpaka spana ikapinda. Nikasema mbele ya watu wote wa bucha, atakayezigusa namkata mkono. Kwa hiyo nati hazina kosa. Nati ni nati. Wewe uliziharibu boliti!"

Jeki ikapumua tena. Taratibu akasikia ubavu mmoja ukikubali, tap, kama kijiti. Mdomo ukajaa ladha ya chuma.

Sasa hapo, msomaji, jiweke chini ya teksi ile. Ukikubali kosa lisilo lako, unakufa kwa sababu umemuua mwana wa mtu. Ukisema ukweli, unamwambia mtu mwenye mkono kwenye jeki kwamba aliyemvunja mwanawe ni yeye. Uongo ungemuua kwa hakika na ukweli pengine, basi Taratibu akashika pengine.

"Shoka," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele yake. "Unakata viungo kila siku. Mfupa wa paja wa ng'ombe, kichwa chake kikoje?"

"Unanifanyia mzaha?"

"Kikoje?"

Shoka alijibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe: "Mviringo."

"Na pale nyongani kinapokaa?"

"Mviringo. Kama kikombe."

"Ukikata kichwa kile ukakichonga kiwe na ncha, ukakirudisha kwenye kikombe chake, ukakifunga kwa kamba zote ulizonazo. Ng'ombe atatembea?"

Mabuti yalirudi nyuma hatua moja.

"Ile rimu pale ukutani ni yako, ya tano. Chukua nati moja, itie kwenye tundu. Ikikaa sawasawa, shusha gari. Sitasema neno."

Akairusha nati nje kwa nguvu zilizobaki. Aliyaona mabuti yakisita, yakageuka, yakaenda ukutani. Alisikia nati ikigonga rimu. Alisikia pia kisu kikichomolewa kwenye aproni, kisu chembamba cha kuchunia, na akajua mtu yule alikuwa akifanya kile ambacho mkono wake umekizoea kwa miaka thelathini: anatafuta kwa ncha mahali kiungo kinapoachana.

Ncha iliingia. Iliizunguka nati yote chini bila kukwama popote.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Shoka alisimama pale muda mrefu akikizungusha kisu. Aliitoa nati akaitia tena, tundu la pili, la tatu, la nne, kana kwamba moja kati yake lingemhurumia. Halafu kisu kikaanguka sakafuni.

Alirudi, akapampu jeki kama mwendawazimu, gari likapanda, akamshika Taratibu miguuni na kumvuta nje kwa mguu ule ule aliouvunja. Taratibu alilia kama mtoto. Alipopata mwanga na pumzi, aliiokota spana pale chini, na shemeji ni shemeji lakini mfupa ni mfupa: akampiga nayo Shoka mdomoni. Shoka hakukinga. Alitema jino, akapangusa damu kwa aproni iliyokuwa na damu tayari, na akapiga magoti.

Kisha akalala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka chini ya teksi, mahali pale pale.

"Shusha," alisema.

"Toka huko."

"Shusha, shemeji! Nimemuua mwanangu kwa mikono hii. Shusha."

Taratibu aliegemea gari kwa mguu mmoja. Mkono wa jeki ulikuwa mbele yake. Tusidanganyane, aliushika. Ubavu ulikuwa ukimchoma, muundi ulikuwa umekaa upande, na alimkumbuka binti akiosha sahani jikoni kwake. Alimchukia mtu yule kwa moyo wote, akauzungusha mkono wa jeki robo, na gari likashuka. Shoka alifumba macho.

"Mume wangu!"

Mkewe alikuwa mlangoni. Khanga ilikuwa imemshuka kichwani, viatu mkononi, ametembea kwa haraka kutoka hospitali. Aliutazama mguu wa mumewe, akautazama mkono kwenye jeki, akayatazama mabuti meupe yaliyotokeza chini ya gari. Hakupiga kelele. Nadhani kelele zilikuwa zimemwishia alikotoka.

"Yu hai," alisema. "Mguu wa kushoto wameukata, juu ya goti. Lakini yu hai, ameamka, ameongea na mimi."

Chini ya gari kukatoka sauti isiyokuwa neno.

"Kaka, unanisikia? Amenituma nimwombee msamaha kwako."

"Msamaha wa nini?" Shoka aliuliza kutoka gizani.

"Anasema alizisikia nati zikigonga tangu asubuhi. Alipofika kwenye ile njia panda alisimamisha gari. Kushoto ni huku kwa mjomba wake, azikaze. Akafikiria zile nati zako, na ulivyosema kuhusu atakayezigusa." Aliweka viatu chini. "Akaogopa, kaka. Akakata kulia, kwenye mteremko."

Nje gari lilipita likipiga honi, watu wakacheka mahali fulani. Kisha Shoka akaanza kulia, kwa sauti ya ndani na nzito ambayo dada yake hakuwahi kuisikia tangu wakiwa wadogo, na mabuti meupe yakawa yanatikisika.

Taratibu aliuachia mkono wa jeki. Alijishusha sakafuni kwa makalio, mguu wake ameunyoosha mbele, akajiburuta mpaka kwenye lile gurudumu lililovutwa pembeni, akalisukuma kwa mikono miwili lirudi chini ya gari, ubavuni mwa shemeji yake. Aliligonga mara mbili kuhakikisha limekaa sawa.

"Lia hapo hapo," alimwambia. "Ukimaliza, tutaenda kumwona."