Mwiko wa Siku Kumi

Baba yangu ana kovu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Patasi ilimponyoka akiwa anachonga kitanda chake cha ndoa, mimi hata sijazaliwa. Nimekua nalo kovu lile, refu kama kidole cha kati, jeupe, laini ukiligusa. Basi asubuhi moja naingia chumbani kwake na uji, nakuta shuka ina damu. Kovu limefunguka.

Jamani, nasema limefunguka! Hajajigonga, hajajikuna. Kidonda cha miaka arobaini na mitatu kilikuwa wazi kana kwamba amejikata jana yake.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimelala tu, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita, mama, tangu nikiwa mdogo.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Baba ni seremala, ameacha kazi kwa uzee, anakaa chumba cha nyuma. Tumebaki wawili. Mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, sikatai. Na kwa habari ya afya ya baba nilikuwa nimejipa udaktari, uuguzi na upolisi kwa pamoja.

Yalianza miezi minane kabla ya siku hiyo, baba akilalamika kiungulia. Tukaenda wote wawili kwa muuza mitishamba sokoni, mzee mpole asiye na makuu. Akatupa unga wa mizizi na masharti yake: asiguse kitu kichachu, wala tunda, wala mboga ya majani, kwa siku kumi. Dawa ina mwiko, nani asiyejua? Siku kumi zikaisha, kiungulia kimetulia tuli. Mimi nikajiambia, kama siku kumi zimefanya haya, mwezi je? Mwezi ukazaa mwezi. Yule mzee sikumrudia kumuuliza. Nikapiga marufuku: nyumbani ikawa uji mweupe, mkate, wali, yai, nyama ya kuchemsha na chai. Jirani akileta machungwa nayagawa kabla baba hajayanusa.

Baba akaanza kuchoka, nikanunua vidonge vya mafuta ya samaki. Miguu ikamuuma, nikaleta vya kalsiamu. Fizi zikavimba na kutoka damu, nikamletea unga wa kitunguu saumu na karafuu za kusukutulia. Akatokwa na madoa mekundu miguuni, nikaongeza vidonge vya madini ya chuma. Mwishowe nikawa na makopo tisa juu ya kabati, nimeyapanga kwa urefu, na kila mteja aliyekuja kupimwa nilimwonyesha. Nilijiona binti wa kupigiwa mfano.

Sasa kovu. Daktari wa kituo chetu cha afya alilisafisha, akalitazama, akalitazama tena. Akasema nyama inakataa kushikana, na uozo ukifika kwenye mfupa, mguu utakatwa chini ya goti. Akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Jumatatu, kwa daktari wa upasuaji. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikashika ukuta.

"Kwa kuwa amepungua uzito," akasema, "piteni kwa afisa lishe hapo mwisho wa ukumbi."

Afisa lishe mwenyewe kabinti, cherehani yangu imemzidi umri. Nikasema moyoni, toba, huyu ataniambia nini? Nilikuwa nimebeba makopo yangu yote kwenye kikapu. Nikayapanga mezani kwake moja moja, tap, tap, tap, nikamweleza kila kopo linafanya nini. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akayageuza, akasoma maandishi ya nyuma, kopo la kwanza hadi la tisa, bila haraka. Akamwomba baba afungue mdomo. Akachukua kioo cha kukuzia, akaangalia vinyweleo vya mguuni, akaniita nami nitazame. Vilikuwa vimejikunja kama uzi uliofumuliwa kwenye pindo, na kila kimoja kina tone la damu shinani.

"Mara ya mwisho mzee amekula tunda lini?"

Mimi, mwenye mdomo wa kusikika mtaa wa pili, nikaanza kuyanyoosha makopo yangu mezani.

"Mimi sipendi matunda," akasema baba. "Wala majani. Binti yangu ananibembeleza, mimi ndiye mkaidi."

Nikamtazama. Hakunigeukia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Yule binti wa lishe akavuta kiti karibu. "Mzee, hizi dalili zote ni za kukosa vitamini C. Nitachukua damu tuhakikishe, lakini matibabu tunaanza leo. Makopo haya yote tisa, hakuna lenye vitamini hiyo."

"Na kovu?" nikauliza. "Lile lilipona zamani!"

"Dada, kovu halifungwi mara moja likaisha. Mwili unalishikilia kila siku. Uzi wa zamani unalika, mwili unasokota mpya, unashona pale pale. Vitamini C ndiyo inayoukaza uzi. Ikikosekana, wa zamani unaendelea kulika na mpya haushiki."

Loo! Mimi nimeshona tangu nina miaka kumi na sita. Najua mshono ukikatika mshono umekatika, na ukikaza umekaza, nguo inakwenda zake. Kumbe ndani ya mguu wa baba kulikuwa na fundi aliyekuwa hajaweka sindano chini kwa miaka arobaini na mitatu! Baba akilala, anashona. Baba akipiga randa, anashona. Mimi nazaliwa, natambaa, naolewa, naachika, yeye anashona tu, hataki sifa, hataki hata kujulikana yupo. Alichokuwa akiomba ni kipande cha chungwa. Na mimi ndiye niliyemnyima. Nililia mbele ya yule binti bila aibu, machozi yakadondokea makopo.

Akatupa vidonge vidogo vya rangi ya machungwa. Akaagiza mapera, papai, kabichi na mboga za majani zisizochemshwa mpaka zikafa. Kwa kiungulia akampa dawa yake mbali, na akaniambia nikinunua mitishamba au vidonge vyovyote nimpelekee kwanza avione. Akaandika na barua kwa yule daktari wa upasuaji. Jumatatu daktari akaisoma, akatazama mguu, akasema atasubiri wiki mbili. Kama hakuna mabadiliko, atakata.

Wiki mbili zile sikushona sare hata moja iliyonyooka. Siku ya tatu fizi ziliacha kutoka damu. Siku ya tano baba akatafuna mkate upande wa kushoto, jambo ambalo sikuliona kwa miezi. Kila asubuhi nilipiga magoti, nikafungua bendeji, roho mkononi. Siku ya nane nikaona kingo za kidonda zimekuwa za waridi, zimesogeleana. Nilikaa pale sakafuni kama mtu aliyepotea, natazama. Hakuna mkono uliogusa pale, hakuna sindano, na nyama inafuata nyama. Wiki mbili zilipotimia daktari wa upasuaji aliubonyeza mguu pande zote, akacheka, akasema mzee rudi nyumbani.

Mguu ulipona, mimi sikupona. Jioni hiyo nikamfuata chumbani, amekaa kitandani anamenya pera kwa kisu.

"Baba, kwa nini ulimwambia yule binti kwamba mkaidi ni wewe?"

"Ulikuwa umeshatetemeka vya kutosha."

"Lakini ulikuwepo sokoni. Ulisikia zilikuwa siku kumi."

"Nilisikia."

"Sasa si ungesema!"

Akaweka kisu chini. "Nilisema, mama. Mara tatu. Ukaniambia nisikubishie, ninywe uji."

Nikatafuta kichwani mwangu. Vipimo vya watoto mia mbili wa shule ninavyo kichwani, kiuno, bega, mkono. Mara tatu za baba sikuiona hata moja.

"Nisamehe," nikasema. "Kama una jambo, sema leo. Sikukatizi."

Akaweka na pera chini. "Leo nataka kupika mwenyewe."

Mdomo ukafunguka wenyewe, jiko lina moto, sakafu inateleza, bendeji imetolewa leo hii. Nikaufunga. Akakanyagia mguu wa kushoto kwanza, polepole, ukambeba. Nikasogea pembeni, nikampisha mlangoni.